Kapu la mboga limefika, chakula cha jioni kimegoma: dalili, chanzo na dawa

Ukiulizwa "leo mboga nini?" ukajibu "nyama", hakuna anayeshangaa. Kwetu mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali, iwe dagaa, maharage au kuku. Ugomvi wa kapu la wiki unaanzia hapo hapo. Jumamosi bodaboda anakushushia majani, mizizi na matunda ya bustani mpaka friji halifungiki vizuri, halafu Jumanne usiku mtoto anachungulia sufuria na kuuliza mbona leo hakuna mboga.

Kapu ninalolisema ni lile unalolipia mbele kwa mwezi, mkulima akakuvunia kilichokuwa tayari wiki hiyo. Huchagui. Hapa Dar mizigo mingi ya namna hii inashuka kutoka Lushoto au Mgeta kule Uluguru, na majani laini yanatoka bustani za karibu na mji. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Koliflawa iliyokatwa jana jioni kwenye ubaridi wa kule inaamkia mlangoni kwako kwenye nyuzi joto 30 na ushei, imechoka kuliko dereva.

Mwaka wa nne sasa napokea kapu, na nimeharibu karibu kila kinachoharibika. Nilichojifunza ni kwamba kosa unalolionja Jumanne usiku mara nyingi ulilifanya Jumamosi asubuhi, kabla hujawasha jiko. Kwa hiyo hapa chini kila dalili nitairudisha nyuma mpaka pale ilipoanzia.

Majani yamelegea, au yameoza, na Jumatatu haijafika

Tofautisha kwanza, maana watu wengi hutupa kilichonyauka na kupika kilichooza. Jani lililonyauka lina kiu tu: limelala, lakini rangi ipo na harufu ni ya jani. Kata ncha za vikonyo, lizamishe kwenye beseni la maji baridi kwa robo saa hadi nusu saa. Mchicha utauona unainuka wenyewe. Jani lenye utelezi, madoa meusi na harufu ya mtaro halifufuki. Litoe, kagua majirani zake, na usijidanganye kwamba moto utaua.

Kunyauka na kuoza vina vyanzo vinavyopingana. Anayeozesha kwa kawaida ni mtu msafi kupita kiasi: kapu likifika anaosha kila kitu, anafunga na maji yake, anasukuma kwenye friji. Usioshe majani mpaka saa ya kupika. Yakifika na umande, yatandaze kwanza mezani yakauke, kisha yafunge kwenye kitambaa kikavu. Anayenyausha ni yule anayeyaacha kwenye mfuko mbadala. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwaka 2019, sote tunayo mifuko ile ya kama kitambaa, na kwa kubebea haina shida. Lakini inapitisha hewa, na hewa ya friji ni kavu, kwa hiyo siku mbili tu chainizi inakuwa kama karatasi. Kwa majani yaliyofika makavu unataka kanga kuukuu iliyoloweshwa na kukamuliwa sana, majani yakalala ndani yake.

Yakigeuka manjano haraka bila kunyauka wala kuoza, angalia yamelala na nani. Parachichi, ndizi mbivu na nyanya zilizoiva hutoa gesi ya ethilini, ileile inayoivisha tunda, na majani yakiivuta yanazeeka. Karoti nazo zikikaa na matunda hayo huanza kuwa na uchungu wa ajabu ambao watu humlaumu mkulima kwa ajili yake.

Karoti zimelegea kama kamba? Zilifika na majani yake na hukuyakata. Majani yanaendelea kunywa maji kutoka kwenye mzizi hata baada ya kung'olewa. Kata siku ileile, uache kikonyo kifupi, na bitiruti ufanye hivyohivyo. Majani ya bitiruti usiyatupe, yanapikwa kama spinachi.

Halafu kuna vile visivyotaka baridi kabisa. Nyanya hupoteza ladha kwenye friji. Bamia, matango na bilinganya zikikaa chini ya nyuzi 10 kwa siku kadhaa hufanya vishimo na kulainika, kwa hiyo ziweke pahali penye kivuli na uzile ndani ya siku mbili tatu. Viazi viwe gizani, mbali na vitunguu. Kiazi kilichopata mwanga kikawa kijani kina sumu ya solanini, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kama ni doa dogo, menya kwa kina ulitoe lote. Kama ni kizima, au ukionja kina uchungu, tupa.

Chumvi imezidi

Hili nalieleza kirefu kwa sababu limenitia aibu mbele ya watu.

Shemeji yangu alikuja kutoka Tanga. Kapu la wiki ile lilikuwa na mchicha mafungu matano, nikaupika wote. Ulijaa sufuria mpaka kifuniko kikawa kimepanda juu kama kofia. Nikatia chumvi ya sufuria iliyojaa, kijiko cha chakula kizima, nikageukia ugali. Niliporudi, ule mlima ulikuwa umebaki kama bakuli mbili. Shemeji akamega tonge, akachovya, akatafuna taratibu, akaweka mkono pembeni ya sahani.

"Shem," akasema, "hii mboga umeichemshia maji ya bahari ya Raskazone?"

Sehemu kubwa ya jani, kama asilimia 90, ni maji. Likipata moto kuta zake zinalegea, maji yanatoka, jani linasinyaa, lakini chumvi haiendi kokote. Ukitia mwanzoni unakadiria kwa macho kitu ambacho dakika tano baadaye hakitakuwepo. Tia chumvi mwishoni, mboga ikishasinyaa, na uonje. Na kama umeweka dagaa, ngoja kwanza dagaa watoe chumvi yao.

Ikishazidi, ongeza ujazo: majani mengine yasiyo na chumvi, boga lililochemshwa chukuchuku, au tui. Ile habari ya kutumbukiza kiazi kinyonye chumvi nimeijaribu. Kiazi kinanyonya mchuzi, chumvi na maji yake pamoja, na mchuzi unaobaki una chumvi kali ileile. Kinachosaidia ni pale unapoacha kiazi ndani ukakila.

Mboga imegeuka rangi ya kaki

Jani la kijani lina madini ya magnesiamu katikati ya kemikali inayolipa rangi. Likikaa motoni kwa muda, au likikutana na asidi, magnesiamu inatoka na kijani kinageuka kaki. Sasa fikiria tunavyopika: tunakaanga kitunguu na nyanya, tunatupia majani nyanya ikiwa bado na maji yake makali, tunafunika, tunaenda kuangalia taarifa ya habari. Asidi ya nyanya ipo, asidi inayotoka kwenye majani yenyewe inagota kwenye kifuniko na kurudi chini, na muda umepita.

Ukitaka kijani, kaanga nyanya mpaka iive kabisa na mafuta yaanze kujitenga, ndipo utie majani, moto mkali, bila kifuniko, dakika tatu hadi tano kwa mchicha. Ndimu ikamuliwe mezani, si jikoni.

Wapo wanaotia magadi. Kijani kitakaa, na mlenda bila magadi kwa wengi si mlenda. Ila magadi huharibu vitamini C na B1, na yakizidi jani linakuwa uji. Kwenye mchicha wa kawaida mimi sioni sababu.

Mchanga kwenye meno

Mvua za masika zinarusha udongo juu ya majani ya chini, na mchicha ndio unaopata zaidi. Watu wanaosha mara tatu na bado mchanga upo, kwa sababu wanamwaga maji pamoja na mboga kwenye chujio. Mchanga umeshazama chini ya beseni, na wewe unaurudisha juu ya majani. Zamisha, tikisa, subiri dakika moja, kisha *inua majani kwa mikono* uyaweke pembeni ndipo umwage maji. Rudia mpaka chini ya beseni usione kitu. Osha kabla ya kukata. Ukikata kwanza, kila mkato ni mlango wa udongo kuingia na vitamini kutoka.

Uchungu

Kuna uchungu wa asili, uchungu wa umri na uchungu wa hatari.

Wa asili ni wa nyanya chungu na mnavu, na anayeukimbia huo angeomba kapu la watoto. Unaweza kuupunguza: nyanya chungu zichukue zikiwa bado nyeupe au kijani, zikate, zikae kwenye maji ya chumvi kwa robo saa, uzipike na karanga zilizosagwa au tui. Mafuta huufunika uchungu vizuri. Zikianza kugeuka rangi ya chungwa, hapo ni uchungu wa umri, na huo huutoi wote. Chache zitie kwenye maharage, zitapotelea humo.

Wa hatari ni wa jamii ya maboga. Zukini, mung'unye, tango au boga likiwa chungu isivyo kawaida, uchungu unaokufanya utake kutema, tema kweli. Ni kemikali ya mmea wenyewe, kupika hakuiondoi, na tumbo litakusumbua vibaya. Ndiyo maana mama zetu walionja kipande cha mung'unye kibichi kabla ya kuutia chunguni. Nilikuwa nadhani ni udokozi.

Kisamvu kiko peke yake. Hatari yake huwezi kuitegemea ulimi ikuambie. Majani ya muhogo yana kemikali inayozalisha sianidi. Kutwanga kunavunja jani na kuifungulia, na kuchemsha bila kifuniko kunaitoa na mvuke. Kapu likija na kisamvu kizima, twanga kiwe laini kabisa, chemsha kama saa moja, ndipo uunge kwa nazi au karanga. Siku hizi wengi tunasaga kwenye blenda na hilo halina neno, ila muda wa kuchemsha haupungui kwa sababu blenda ina kasi.

Bamia zinavuta kamba

Kama unataka mlenda, umeshafika. Kama ulitaka bamia za kukaanga, jiulize ulizikata zikiwa na maji? Ute wa bamia unapenda maji. Osha zikiwa nzima, zikaushe kwa kitambaa moja moja, kata vipande vikubwa, kikaango kiwe cha moto na bamia zisibanane. Zikibanana zinatoa mvuke, na mvuke ni maji. Ndimu au ukwaju kidogo hukata ute. Chumvi mwishoni, hapa tena.

Tui limekatika

Sufuria ina maji ya kijivu chini na chembechembe nyeupe zinaelea juu. Ladha haijaharibika sana, lakini hutapeleka kwa mgeni. Vyanzo ni vitatu na kwa kawaida vinakuja pamoja: moto mkali, kuacha kukoroga, na asidi ya nyanya mbichi au ndimu.

Njia ya pwani ni ya zamani na bado haijapata mpinzani. Majani yachemke kwenye tui la pili, lile jepesi. Yakiiva na maji yakipungua, punguza moto, tia kasimile, lile tui zito la kwanza, koroga upande mmoja bila kuachia mpaka lichemke kidogo tu, ipua. Tui la pakiti linavumilia zaidi kwa sababu lina vitu vya kulishikilia, ndiyo maana aliyezoea pakiti huumbuka siku akikuna nazi.

Na chakula cha tui kikilala mezani usiku mzima kwa joto la Dar, asubuhi kimechacha. Kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili.

Kabichi inanuka nyumba nzima

Umeipika muda mrefu. Kabichi, koliflawa na brokoli zina salfa ndani yake, na kadiri zinavyokaa motoni ndivyo harufu inavyozidi. Kata nyembamba, moto mkali, dakika tano hadi saba, ipua ikiwa bado inatafunika.

Kachumbari imekuwa supu

Chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyanya na tango. Vitunguu pekee ndivyo vitiwe chumvi mapema, uvifikiche, uvioshe, uvikamue. Nyanya toa maji na mbegu. Kila kingine kichanganywe watu wakiwa wameshanawa mikono.

"Mbona leo hakuna mboga?"

Turudi kwa yule mtoto. Amekaa mbele ya ugali, sukuma wiki na karoti zilizokaangwa, na anasema hakuna mboga. Zamani nilimkemea. Siku hizi naona ana hoja, kwa sababu saa nne usiku ndiye niliyemkuta akitafuta mkate.

Majani na maji ya matunda ya bustani hayakai tumboni. Kinachokosekana ni protini na mafuta. Mafuta yana kazi nyingine pia: vitamini A itokanayo na mchicha, matembele na boga mwili unaipata vizuri pale mboga inapoliwa na mafuta kidogo. Mapishi ya zamani yalishalijua hilo bila maabara, ndiyo maana kisamvu kinaungwa kwa nazi, majani ya maboga kwa karanga na mlenda una dagaa pembeni. Kwa hiyo kila jioni naliuliza kapu swali moja tu: huyu leo anamuoa nani? Matembele na karanga. Chainizi na mayai. Nyanya chungu na dagaa wa Kigoma. Njegere ni tofauti, zenyewe zina protini, zinataka nazi na wali tu.

Njegere zikigoma kulainika, ama zimezeeka, sukari yake imeshageuka wanga, ama umetia nyanya mapema. Asidi inakaza ganda. Zichemshe peke yake mpaka ziive, ndipo uunge.

Kuna kitu ndani ya kapu hukijui

Lushoto wanalima vitu ambavyo bibi yangu hakuvipata kuvipika: liki, brokoli, zukini. Usikiache kioze kwa heshima. Kione tu kinafanana na nani. Liki ni ukoo wa vitunguu, ikate nyembamba uikaange taratibu mahali pa kitunguu, ila ipasue kwanza, udongo hujificha katikati ya matabaka. Zukini ipike kama mung'unye mchanga. Brokoli ni koliflawa ya kijani. Bitiruti chemsha na ganda lake, imenye ikishaiva, la sivyo rangi yote inaishia kwenye maji na kwenye shati lako. Na kesho yake asubuhi chooni ukiona wekundu usipige simu hospitali.

Ijumaa imefika na kapu halijaisha

Hapa kosa ni la mpangilio. Ukifungua friji Jumamosi, macho yanaenda kwenye kabichi na viazi kwa sababu unavijua. Unavila kwanza, na majani laini yanakufia nyuma yake. Pika kwa mpangilio wa udhaifu. Jumamosi mpaka Jumatatu ni zamu ya mchicha, matembele, spinachi na giligilani. Jumanne ni bamia na matango, Jumatano ni njegere na brokoli. Sukuma wiki inaweza kukaa hapo katikati, jina lake linaruhusu. Kuanzia Alhamisi ni kabichi, karoti, bitiruti, nyanya chungu, na boga ambalo likiwa zima linaweza kusubiri hata mwezi ujao.

Masika ni majani matupu, na nyanya zinakuwa haba kwa sababu ukungu unazipiga shambani. Wiki hizo usishindane nayo. Siku ileile kapu linapofika, chukua nusu ya majani, yatumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, yahamishie kwenye maji baridi, yakamue kwa nguvu, yatengeneze madonge ya ukubwa wa ngumi, uyagandishe. Dodoma, ambako majani ya kutosha ni ya msimu mfupi, wanakausha mlenda na kuuweka mpaka kiangazi. Sisi wenye friji tunaozesha ndani ya siku nne.

Jumamosi saa mbili asubuhi bodaboda anapiga honi getini, na kwenye droo ya chini bado kuna nusu kabichi. Ikate nyembamba sasa hivi, na karoti iliyobaki, kitunguu, mayai mawili na chapati ya jana. Hicho ni kifungua kinywa, na droo iko wazi.